Mwanangu anaitwa Mhoja, sio Moja

Mwanangu wa kwanza anaitwa Mhoja. Wa kike, ana miaka sita anaenda saba, na hilo jina nimeshalitaja mbele ya watu wa kila aina, manesi, walimu, mafundi cherehani, mawakala wa M-Pesa, na karibu wote mara ya kwanza wananiambia rudia. Naandika haya kwa sababu kila nikikaa na wamama wenzangu wajawazito maongezi yanafika kwenye majina, na wengi nawasikia wanasema mi natamani nimpe la bibi yangu lakini hapa Dar nani ataweza kulitamka, mtoto si atateseka shule. Wanaishia kumwita Ariana. Sina ubaya na Ariana, ni jina zuri tu, ila inaniuma mtu anapoacha jina alilolitaka moyoni kwa kuogopa ndimi za watu ambao hajawapa hata nafasi ya kujaribu.

Mi Mzaramo, kwetu Kisarawe, nimezaliwa na kukulia Mbagala na mpaka leo naishi huku huku. Baba Mhoja ni Msukuma wa Kishapu, Shinyanga. Mhoja ni jina la bibi yake aliyemlea, na kwa alivyonisimulia baba mkwe, huyo bibi alizaliwa nyumba ikiwa imetoka kuzika, wakampa Mhoja kwa maana ya mtu wa kuwapoza waliobaki. Nilipopata mimba mume wangu hakunilazimisha, aliniambia tu kwamba akizaliwa wa kike angependa, na mi nilishakutana na yule bibi kabla hajafariki, alinipokea vizuri mno mkwe wa mbali nisiyejua hata salamu ya kwao, kwaiyo nikasema sawa, na nilisema sawa kwa moyo mmoja.

Sasa lenyewe linatamkwaje. Kisukuma kina zile sauti za mh, nh, ng'h, ambazo pumzi inapitia puani, na kwenye Kiswahili chetu hazimo. Ndo zile unazozikuta kwenye majina ya sehemu za kule, Mhunze ambayo ndo makao makuu ya wilaya ya Kishapu, au Nyang'hwale kule Geita, majina ambayo huku mjini kila mtu anayapita kivyake. Kwa Msukuma, Mhoja ni vipande viwili tu, mho alafu ja. Sisi wa Pwani tunakata vitatu, m, ho, ja, kwa sababu m ya mwanzo kwenye Kiswahili inasimama peke yake, angalia mtu, mke, mti. Na hiyo m ikikutana na h ndo ulimi unagoma kabisa, unachomeka u hapo katikati bila hata mwenye ulimi kujua, ndo mana tunasema muhogo na Muhindi na Muhehe hata pale kitabu kinapoandika mhogo na Mhindi na Mhehe. Kwaiyo mtu wa Dar akimwita mwanangu Muhoja hajakosea kwa dharau, amefanya kile ambacho Kiswahili kimemfundisha tangu anajifunza kuongea.

Hilo lilinisaidia sana kupanga msimamo wangu, na nadhani ndo kitu kikubwa ninachoweza kumwambia mzazi yeyote mwenye jina gumu mkononi. Lazima ujue mapema ni matamshi gani utayapokea na yapi hutayapokea, usisubiri kukasirika ndo uamue. Mi nikasema Muhoja napokea. Mama yangu mzazi mpaka leo anasema Muhoja, analisema kwa mapenzi yote, mtoto anaitika anakimbia, siwezi kumkalisha mama yangu mtu mzima nikamfundisha kupumua puani. Ila Moja sipokei. Moja ni neno lingine, sio jina la mtu niliyempa heshima, na ukiliachia wiki ya kwanza limeshakaa.

Na Moja ndo linalokuja haraka kuliko yote. Kwanza simu zenyewe, ukiandika Mhoja tu simu inakugeuzia Moja usipokuwa makini, kwaiyo kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi unakuta mtu ameandika hongera mama Moja na wala hakukusudia. Alafu kuna hili la kwetu Pwani, sisi majina ya namba tunayo, kina Mosi, Pili, Tatu, bibi yangu mzaa mama mwenyewe alikuwa Tatu, kwaiyo majirani wakishasikia Moja na wanaona ni mtoto wa kwanza wanaona imekaa sawa kabisa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinipongeza, akaniambia vizuri umerudisha majina ya wazee, akija wa pili mwite Pili. Nikamwambia mzee wangu shikamoo, hili ni la Kisukuma, ni Mhoja, la bibi yake baba yake. Akasikiliza, akajaribu, likatoka Muhoja, nikamshukuru. Tangu siku hiyo hajawahi kurudi kwenye Moja, na mimi yule mzee namheshimu kwa hilo kuliko anavyojua.

Kitu ambacho wamama wajao wakijue mapema ni kwamba jina la mtoto wa kwanza unalivaa wewe. Ukishajifungua tu hapa uswahilini jina lako linakufa, unakuwa mama fulani. Watu ambao watamtaja mwanao kwa siku nzima sio walimu wala manesi, ni muuza genge, ni mama wa vitumbua, ni kijana wa maji, ni mwenye nyumba, na wote hao wanaita wewe. Mama Mhoja nipe elfu moja yangu ya juzi. Mama Mhoja dagaa wamekuja. Mtoto mwenyewe bado yuko mgongoni hajui hata kukaa na jina lake limeshatangazwa mtaa mzima mara mia kwa siku, kwa hiyo ukiwaachia waseme mama Moja miaka miwili mitatu, mtoto akija kupata akili anakuta watu wameshaamua yeye ni nani.

Kwaiyo mi nilianzia hapo kwenye genge. Sikumfundisha mtu kwa kumkosoa mbele za watu, hapana, nilikuwa naitika alafu najitaja mwenyewe. Akisema mama Moja karibu nyanya, nasema asante, mama Mhoja nimefika, nichagulie zilizoiva. Nasema kawaida tu, sikazi sauti. Nikipiga simu nasema hivo hivo, mama Mhoja hapa. Nikituma mtu dukani namwambia mwambie umetumwa na mama Mhoja. Sikio la mtu wa Dar ni jepesi, likisikia kitu mara nyingi linakishika, angalia tunavyoshika maneno mapya ya mtaani, neno linazaliwa Jumatatu Ijumaa mji mzima unalo. Haikuchukua muda mrefu genge lote likawa linasema Muhoja, na wawili watatu wakawa wanasema vizuri kabisa kama watu wa Kishapu, mmojawapo kijana wa maji, huyo sijui alijifunzia wapi.

Kwa anayetaka kweli kulisema kama lilivyo, njia niliyoigundua ni hii, namwambia anigunie. Ile "mh!" tunayoguna tukisikia bei ya kitu au umbea mzito, kila mtu hapa mjini anaijua, hata mtoto wa mwaka mmoja anaguna. Sasa guna hivyo hivyo, mh, na kabla pumzi ya puani haijaisha unganisha na oja. Wengi wanaipata hapo hapo, wanacheka, wanarudia. Sauti ambayo walikuwa wanasema hawaiwezi kumbe wanaitoa kila siku, hawajawahi tu kuiweka mwanzo wa jina la mtu. Mi mwenyewe ndo nilivyojifunza, baba mkwe alinifundisha kwa simu nikiwa na ujauzito, ananiambia mwanangu guna, naguna, ananiambia haya ongeza, mpaka mume wangu akawa anatutazama tu.

Wajomba zangu wao walilipokea kwa utani, na hapo nilitulia kabisa kwa sababu najua utani ni nini. Wazaramo na Wasukuma na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara, wale waliokuwa wanabeba mizigo kutoka bara wanashuka mpaka Bagamoyo, na utani huo haujaisha, hata msibani unaufanya. Siku ya arobaini ya mtoto mjomba wangu mkubwa alisimama akasema watani zetu wametushinda, wametuletea mjukuu ambaye ukimwita lazima ugune. Ukumbi mzima ukacheka, mume wangu akatoa hela ya utani, na jina likawa limeingia ukoo wangu rasmi. Nawaambia kabisa, kama ndoa yako ina utani utumie, kwa sababu jina lililochekwa vizuri siku ya kwanza na wakubwa halichekwi tena vibaya na watoto wao.

Kuhusu kwamba ni la nadra. Hili limenifundisha mengi. Wasukuma ndo kabila kubwa kuliko yote Tanzania, wapo Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita, na hapa Dar wamejaa, nenda soko lolote. Mara ya kwanza nampeleka mtoto Kishapu, tumeshuka Mhunze tu, mwanamke mmoja anamwita mwenzake ng'ambo ya barabara, Mhoja we! Nikageuka nikidhani anamwita mwanangu. Kule ni jina la kawaida kama Fatuma lilivyo kwetu. Sasa iweje nikiwa Mbagala naulizwa hilo jina ni la Kinaijeria?

Nilikuja kupata jibu kwa kuwauliza wanawake wenyewe. Kuna mama lishe mmoja karibu na kituo cha daladala, nimekula kwake miaka, namjua kwa jina la kanisani. Siku aliposikia namwita mwanangu alisimamisha upawa, akaniuliza umesema nani, nikarudia, akasema mimi nyumbani naitwa Nkwimba, na hapa Dar wewe ndo mtu wa kwanza kukuambia. Yani amekaa mjini tangu msichana na jina lake la nyumbani amelifungia kwenye sanduku. Baada ya hapo nikawa nauliza uliza, na nikakuta wengi sana, kina Kabula, kina Milembe, kina Minza, wapo hapa hapa tunapanga nao foleni ya maji, ila kwenye simu zetu tumewasevu kina Maria, Neema, Rehema. Ukiwauliza kwa nini, majibu yanafanana, nilipokuja kufanya kazi za ndani tajiri alisema hawezi kuniita hivyo, au shuleni walinicheka, au nilibatizwa nikaona hili ndo la mjini. Kwaiyo hayo majina sio kwamba hayapo, yamefichwa, na yamefichwa kwa sababu kuna mtu mmoja siku moja alikataa kujaribu.

Na kuna majina ya Kisukuma ambayo yametoka na hakuna hata anayekumbuka ni ya Kisukuma. Kulwa na Doto. Nenda Kisarawe kwetu, nenda Bagamoyo, mtu akipata mapacha ni Kulwa na Doto, hakuna anayeuliza yametoka wapi. Shija anayezaliwa baada ya mapacha hakubahatika kusafiri hivyo, lakini hao wawili wameenda nchi nzima. Masanja nalo huku mjini lilikuwa la watu wa kule kule mpaka lilipoanza kusikika kwenye vichekesho vya televisheni, watoto wote wakawa wanalijua. Hata Mwanza yenyewe, Wasukuma wanasema Ng'wanza, na Mwanamalundi, yule mtu wa miujiza anayesimuliwa kwamba alikuwa akinyoosha kidole miti inakauka, kwao ni Ng'wanamalundi. Ulimi wa Kiswahili ukapokea ukalainisha, jina likaishi. Ndo mana mi na Muhoja sigombani nalo.

Kwa wenzetu wanajua kabisa jina lipi limeshika kasi. Marekani mamlaka yao ya hifadhi ya jamii inatoa orodha ya majina ya watoto kila mwaka, wana takwimu za kuanzia 1880, na jina likipewa watoto chini ya watano kwa mwaka hawalionyeshi kwenye orodha, kwa ajili ya kulinda usiri wa hao wachache. Uingereza nako wanatoa takwimu za majina za England na Wales. Niliwahi kukaa usiku mzima naperuzi hizo orodha nikiwa nanyonyesha, na unajua kilichonishangaza, majina ya Kiswahili yamo. Imani, Amani, Nia, na Zuri ndo usiseme, Zuri kwa Marekani ni jina linalopendwa kweli. Imani na Nia ni kati ya misingi saba ya Kwanzaa, ile sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966, kwaiyo kuna wazazi kule kwa miaka yote hii wanachukua maneno yetu wanawapa watoto wao kwa fahari, wanafundisha majirani zao kuyatamka, walimu wao wanajifunza. Mtu yuko Chicago anahangaika kumfundisha mwalimu kusema jina la Kiswahili vizuri, na mimi niliye Mbagala nione aibu kumfundisha mwalimu wa Mbagala jina la Shinyanga? Hapana kwa kweli. Hilo lilinipa nguvu.

Sisi orodha yetu ni benchi la kliniki. Ukitaka kujua majina yanayopendwa Dar nenda siku ya kupima uzito, kaa usikilize nesi anavyoita. Ataita Brayan wanasimama wamama wawili, ataita Glory, ataita Rayyan wanasimama watatu, itabidi aseme na jina la baba. Akifika kwa mwanangu anasita. Ile kusita nimeshaijua, nikiona tu nesi ameinua kadi karibu na macho na hajasema kitu najua ni sisi, nasimama, nasema Mhoja huyu hapa, ili asilazimike kubahatisha. Kuna kituo kimoja kadi ya mwanzo kabisa iliandikwa Moja, nikaiona hapo hapo kabla sijatoka dirishani, nikaomba warekebishe, nesi akaguna akasema si ni lile lile tu mama. Nikamwambia hapana dada yangu, sio lile lile, naomba. Akarekebisha. Hapo ni pa kung'ang'ania, jamani, msione haya. Karatasi ya kwanza inazaa ya pili, tangazo la kizazi linazaa cheti cha kuzaliwa, cheti kinazaa usajili wa shule, jina la mtihani wa la saba linamfuata sekondari, na akifika miaka kumi na nane anaenda kuchukua kitambulisho cha taifa na hizo hizo herufi. Herufi moja ikipotea mwanzoni, kuja kuirudisha ukubwani ni viapo na wakili na nauli. Mi huwa naandika jina kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi changu nampa anayeandika akiangalie, alafu kabla hajachapa namuomba nione kwenye kioo. Watu wengi wanakubali ukiomba kistaarabu.

Ndugu na marafiki walinishauri nilifupishe. Mwite Joja, mwite Emma kwa shule na Mhoja kwa nyumbani, wifi yangu mmoja ambaye ni Msukuma mwenyewe alikuwa anasisitiza hilo kuliko hata ndugu zangu, na nilipokaa naye vizuri nikajua ni kwa sababu yeye alichekwa sana alipokuja kusoma Dar, hakutaka mtoto apite hapo. Nilimwelewa sana. Lakini nilimwambia wifi, wewe ulikuwa peke yako, hakukuwa na mtu mzima wa kusimama mlangoni kusema jina lako kabla watoto hawajalisema. Huyu ana mimi.

Sio kwamba haikumgusa. Chekechea kuna mwaka alirudi kimya, tunakula ubwabwa akaniuliza, mama kwa nini mi siitwi Ariana. Nilimuuliza nani kakwambia nini, akasema wanahesabu, wakimuona wanasema moja, alafu wengine wanamalizia mbili, tatu, nne, mpaka kumi. Moyo uliniuma, acha tu. Sikumpa maneno mengi maana mtoto wa miaka minne hotuba haimsaidii. Kesho yake nilienda na yeye mpaka mlango wa darasa nikaomba dakika kwa mwalimu, na yule binti mwalimu Mungu ambariki alifanya kitu kizuri, aliwakalisha watoto wote wagune. Darasa zima mh, mh, mh, alafu wakaambiwa sasa semeni Mhoja. Watoto hawana ulimi mgumu, walisema vizuri kuliko mwalimu, na mchezo wa kuhesabu ukafa kwa sababu wa kuguna ulikuwa mtamu zaidi.

Likizo iliyofuata tukampeleka Kishapu. Kuna bibi mmoja jirani na kwa baba mkwe naye ni Mhoja, mzee sana, anaonea kwa karibu. Wakamwambia kuna mgeni wajina wako. Akaomba mtoto asogee, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza jina, na mwanangu akalisema lote na la baba yake na la babu yake kama alivyofundishwa. Yule bibi akamjibu, nami Mhoja. Wakawa wanaitana hivyo, Mhoja, naam, Mhoja, naam, siku zote tulizokaa pale, bibi akipata karanga anaita wajina wake, mtoto akiamka asubuhi anaenda kuamkia kwa wajina wake kabla hata hajanawa uso. Tulivyoondoka alipewa kuku. Alilia kumwacha yule kuku kwa babu yake kuliko alivyolia kuniacha mimi siku ya kwanza ya shule. Tangu turudi hajawahi kuuliza tena habari za Ariana, na wageni wakija nyumbani anajitambulisha mwenyewe, akiona mtu amekwama anamwambia guna.

Kwenye mahafali ya chekechea niliona niende mapema. Nikamtafuta MC kabla hajashika maiki, kijana tu, nikamwambia kaka orodha yako kuna jina la mwanangu, njoo nikutamkie. Akajaribu pale pembeni ya spika mara kadhaa, akaniambia mama sijawahi kuombwa hivi, wazazi wananijia baadaye kulalamika. Na muda ulipofika alilisema vizuri sana, lilisikika mpaka barabarani, mama lishe wangu wa pale kituoni nilikuwa nimemwalika, akapiga vigelegele mwenyewe.

Huyo mama lishe siku hizi kwenye tisheti za kazi ameandikisha Nkwimba. Hakuniambia kama anafanya, nilikuta tu nimeenda kula.

Mi nina ujauzito wa pili sa hivi, na baba mkwe ameshatuma majina, ya kike na ya kiume, mojawapo lina ng'h katikati na mama yangu ameshaanza kulilalamikia. Tutaona. Ikifika zamu ya upande wangu nataka Tatu ya bibi yangu irudi, maana hata yenyewe siku hizi huisikii tena kwa watoto wadogo, majina yetu ya Pwani nayo tumeanza kuyaficha, Chausiku yuko wapi, Sikudhani yuko wapi.

Mhoja anaanza la kwanza mwezi wa kwanza. Daftari la mahudhurio nimeshaliona, jina limekaa sawa, mwalimu wake wa darasa anatokea Maswa kwaiyo hapo sina kazi. Aliyebaki ni dada wa gari la shule, tumejiunga mapema, bado anamwita Moja asubuhi akimhesabia kwenye siti, nimemtumia voisi jana na leo alinijibu kwa voisi, anaguna.